Funguo za baruapepe zikiisha muda: nani hulipa gharama Riyadh na Jeddah?

Mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki anayeishi Riyadh au Jeddah huijua tarehe moja kwa moyo: tarehe ya kwisha muda wa iqama yake. Kifungu cha 40 cha sheria ya kazi ya Saudi Arabia kinamtwika mwajiri ada za kibali hicho, ada za kukihuisha na faini za kuchelewa. Wafanyakazi wa majumbani, ambao sheria hiyo haiwagusi, wana kanuni zao, na huko nako kibali kimo mkononi mwa mwajiri. Hata hivyo, polisi wanapoingia mtaani kukagua karatasi, anayepandishwa garini ni mfanyakazi. Mwenye wajibu wa kuhuisha ni mmoja, na anayeumia ni mwingine.

Leo tunataka kuzungumzia kibali cha namna nyingine chenye dhulma ile ile ndani yake. Vyombo vya habari vinavyoendeshwa uhamishoni, mashirika ya haki za binadamu na mawakili walio nje ya Saudia huweka kwenye tovuti zao ufunguo wa kusimba baruapepe, yaani wa kuigeuza barua iwe maandishi yasiyosomeka ila na yule aliyeandikiwa. Wanawaambia watu walio ndani: tuandikieni kwa njia hii, barua yenu haitasomwa njiani. Ufunguo huo nao una tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita bila kuhuishwa, mwenye ufunguo, aliyekaa salama London, Toronto au Berlin, hapatwi na lolote. Aliyeko Riyadh ndiye anayebaki na barua mkononi na njia imefungwa.

Hoja yetu ni hii: kuhuisha ufunguo ni wajibu wa aliye salama, na uzembe katika jambo hili dogo unaweza kumfikisha mtu mwingine kizuizini.

Ufunguo ni nini, na tarehe yake ya nini

Tueleze kwanza kwa wale ambao hawajawahi kuutumia. Mfumo maarufu wa kusimba baruapepe, PGP, ulitolewa mwaka 1991 na Mmarekani Phil Zimmermann. Mwaka 1999 Mjerumani Werner Koch alitoa toleo la kwanza kamili la GnuPG, programu ya bure inayofanya kazi hiyo hiyo, na tangu mwaka 2020 programu ya baruapepe ya Thunderbird imekuwa na uwezo huo ndani yake. Mtumiaji hutengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja. Ufunguo wa wazi humpa kila mtu, na anayetaka kumwandikia huutumia kuifunga barua. Ufunguo wa siri hubaki kwake mwenyewe, na ndio pekee unaoifungua. Ni kama mtu anayewagawia rafiki zake makufuli yaliyo wazi. Kila mmoja anaweza kulibana kufuli lake, lakini wa kulifungua ni yeye peke yake.

Mwenye ufunguo huuandikia tarehe ya mwisho. Muda wa mwaka mmoja au miwili ndio unaopendekezwa sana. Tarehe hiyo ina faida kubwa. Mtu akifariki, akikamatwa, akipoteza kompyuta au akisahau neno lake la siri, ufunguo wake wa wazi ungeendelea kuzagaa kwenye intaneti kwa miaka, na watu wangeendelea kumwandikia barua asizoweza kuzisoma. Tarehe inawaambia: ikiwa hamkusikia kutoka kwangu hadi siku hii, msinitumie tena kitu kwa ufunguo huu. Ni kama mzee wa mtaa anayepita kila asubuhi dukani. Siku asipopita, watu huuliza kulikoni.

Kuna mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza, kwisha muda hakuuharibu ufunguo. Mwenye ufunguo wa siri anaweza kuisogeza tarehe mbele, hata baada ya tarehe yenyewe kupita. Ufunguo unabaki ule ule, na alama yake ya kuutambulisha, ambayo katika funguo za aina iliyozoeleka ni herufi na tarakimu 40, haibadiliki hata moja.

La pili, barua za zamani hufunguka kama kawaida. Anayefuta ufunguo wa siri kwa kuwa umekwisha muda anajifungia nje ya kumbukumbu zake mwenyewe. Kwa chombo cha habari chenye ushahidi wa miaka kumi, hiyo ni hasara isiyolipika.

La tatu, na ndilo lenye madhara zaidi: kuisogeza tarehe kwenye kompyuta yako hakumfikii mtu mwingine yeyote mpaka uutangaze upya ufunguo wako wa wazi, naye auchukue. Mhariri anaweza kuhuisha ufunguo wake leo akaridhika. Aliyeko Jeddah, mwenye nakala ya mwaka juzi, bado ataambiwa na programu yake kwamba ufunguo umekufa.

Siku tarehe inapopita

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa kawaida. Muuguzi kutoka Afrika Mashariki anafanya kazi katika hospitali moja ya Riyadh. Amepokea wanawake kadhaa walioletwa na majeraha, na wamempa picha za mikataba yao na za pasi zao. Usiku mmoja akiwa na nafasi anaandika barua kwa chombo cha habari kilicho nje, anabonyeza kitufe cha kutuma, na programu inamkatalia: ufunguo wa unayemwandikia umekwisha muda.

Ana njia tatu. Anaweza kungoja, na kesho huenda wanawake wale wakarudishwa kwa waajiri au wakapandishwa ndege. Anaweza kutuma barua ya wazi akisema, "Ufunguo wenu umekwisha, nina nyaraka za muhimu," na kwa sentensi hiyo moja amekwisha kujitangaza. Au anaweza kusema potelea mbali, akatuma kila kitu bila kusimba. Sote tunajua mtu aliyechoka, mwenye jambo zito moyoni, huchagua ipi kati ya hizo.

Hapa ndipo yalipo madhara ya kweli ya ufunguo uliokwisha muda. Hesabu za kusimba hazijavunjwa na mtu yeyote. Kilichovunjika ni subira ya binadamu.

Historia inayo mifano ya waandishi waliowachelewesha wale waliowaletea habari. Desemba 2012 Edward Snowden, akitumia jina la bandia, alimwandikia mwandishi Glenn Greenwald akimwomba aweke PGP kwenye kompyuta yake. Greenwald hakuiweka. Snowden alimgeukia mtengenezaji filamu Laura Poitras mwezi Januari 2013, na habari zilizotikisa dunia zilianza kuchapishwa Juni mwaka huo. Lakini Snowden alikuwa mtaalamu wa kompyuta na alikuwa na muda wa kutafuta mlango mwingine. Muuguzi wetu hana utaalamu huo, na simu aliyonayo huenda ndiyo kompyuta yake pekee.

Kwa nini Riyadh na Jeddah

Huenda msomaji akauliza: kwani barua ya mfanyakazi wa kawaida ina nini cha kusomwa na serikali? Jibu limo katika sheria na katika matukio yanayojulikana.

Sheria ya Saudia ya makosa ya mtandao ni ya mwaka 2007. Inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi riyali milioni tatu kwa anayetengeneza au kutuma kitu kinachohesabiwa kuwa kinagusa utulivu wa umma, maadili ya dini, tabia njema au faragha. Maneno hayo ni mapana kiasi cha kuweza kumeza karibu kila malalamiko. Mwaka 2008 ikaanzishwa mjini Riyadh Mahakama Maalumu ya Jinai kwa ajili ya kesi za ugaidi, na baadaye watu waliotoa maoni kwenye mtandao nao wakapelekwa mbele yake.

Jeddah ndiko alikohukumiwa Raif Badawi, mwanzilishi wa tovuti ya mijadala. Mwaka 2014 alipewa kifungo cha miaka kumi na viboko 1,000, na tarehe 9 Januari 2015 akachapwa viboko 50 hadharani mjini humo. Aliachiwa mwezi Machi 2022. Riyadh ndiko alikokamatwa Abdulrahman al-Sadhan, mfanyakazi wa Hilali Nyekundu, mwezi Machi 2018. Mwaka 2021 alihukumiwa miaka 20 kwa sababu ya akaunti ya Twitter ya mzaha na ukosoaji ambayo haikuwa na jina lake.

Jina lilijulikanaje? Familia yake inaamini kwamba lilitokana na majasusi waliopenya ndani ya Twitter yenyewe. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo, Ali Alzabarah, aliingia mwaka 2015 katika taarifa za akaunti zaidi ya 6,000 kwa niaba ya Saudia kisha akatorokea nchini humo. Mwenzake Ahmad Abouammo alitiwa hatiani na mahakama ya San Francisco mwezi Agosti 2022.

Hamu ya kuyafungua mazungumzo ya watu haikuanza hapo. Agosti 2010 tume ya mawasiliano ya Saudia iliamuru huduma ya ujumbe ya BlackBerry izimwe, kwa sababu mamlaka hazikuweza kuupekua. Watumiaji wakati huo walikuwa karibu 700,000. Baada ya siku chache za mazungumzo na kampuni hiyo, huduma iliruhusiwa kuendelea. Mwaka 2013 mtaalamu wa usimbaji Moxie Marlinspike alieleza hadharani kwamba alifuatwa na mtu wa kampuni moja ya simu ya Saudia akiombwa msaada wa kunasa mawasiliano ya programu kadhaa za simu. Kampuni ilikanusha. Na tangu mwaka 2016 kadi ya simu nchini humo haipatikani ila kwa kuweka alama ya kidole.

La mwisho lina maana kubwa kwetu. Wako wanaosema PGP ni ya kizamani, watu watumie Signal. Kwa mazungumzo ya kila siku tunakubaliana nao, na tunawashauri wasomaji hivyo hivyo. Lakini akaunti ya Signal hufunguliwa kwa namba ya simu, na namba ya simu ya Saudia imefungwa kwenye kidole cha mwenyewe. Tangu mwaka 2024 Signal imeruhusu namba hiyo ifichwe kwa jina la kujichagulia, na hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, kwa furushi la nyaraka linalotumwa mara moja kwa taasisi, na kwa mtu asiyetaka namba yake iwemo kabisa, baruapepe iliyosimbwa bado ina kazi.

Nani anaandika, na anaandika nini

Tusijidanganye kwamba kadama aliyefungiwa ndani ya nyumba Jeddah ataketi akatengeneza funguo mbili. Mara nyingi hana hata simu. Imechukuliwa na mwenye nyumba. Barua zilizosimbwa hutoka kwa watu wa kati: muuguzi, mhasibu, dereva mwenye kisomo, kiongozi wa chama cha watu wa nyumbani anayewachangia wenzake tiketi. Hao ndio wanaokusanya mikataba, vyeti vya vifo na majina.

Na majina ni mengi. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudia katika muda wa takriban miaka miwili. Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa huko katika miaka mitano. Takwimu za aina hii huanza na watu wanaokubali kuandika majina, mmoja baada ya mwingine, na kuyapeleka mahali.

Anayeyapeleka hujiweka hatarini. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi nchini Qatar, aliandika kwa jina la bandia kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Mei 2021 alikamatwa, na Julai akatozwa faini ya riyali 25,000 za Qatar. Mashirika ya haki yalieleza kwamba siku chache kabla ya kukamatwa alitumiwa kiungo cha kutilia shaka ambacho kingeweza kufichua anuani yake ya intaneti. Qatar si Saudia, lakini Ghuba ni moja na mbinu hufundishana.

Tarehe haikingi kila kitu

Ni lazima tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli katika mambo ya usalama ni hatari kuliko ujinga.

Tarehe ya mwisho haimzuii mwizi. Aliyenyakua ufunguo mkuu wa siri pamoja na neno lake la siri anaweza kuisogeza tarehe mbele kama mwenyewe. Kwa hali hiyo kuna cheti cha kubatilisha: tamko fupi linalotengenezwa siku ile ile ufunguo unapozaliwa, likahifadhiwa kando, na kutangazwa siku ya msiba. Chombo cha habari kisicho na cheti hicho mahali panapofikika ni kama nyumba yenye mlango mmoja wakati wa moto.

Usimbaji pia haufichi nani amemwandikia nani, saa ngapi, wala kichwa cha barua. Anayeandika "Vifo vya wafanyakazi Riyadh" kwenye kichwa cha barua iliyosimbwa ameiandika siri juu ya bahasha. Mwaka 2021 kampuni ya Proton ya Uswisi, inayosifika kwa baruapepe zilizosimbwa, ililazimishwa na mamlaka za nchi hiyo kukusanya na kukabidhi anuani ya intaneti ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Yaliyomo ndani ya barua hayakufunguliwa. Aliyeandika ndiye aliyepatikana.

Tena kufuli halifai kitu ikiwa mpelelezi amekwisha kuingia chumbani. Tarehe 1 Oktoba 2018 watafiti wa Citizen Lab wa Toronto walitangaza kwamba simu ya Omar Abdulaziz, Msaudia aliyepata hifadhi Kanada, ilikuwa imeambukizwa programu ya ujasusi ya Pegasus. Alikuwa akiwasiliana kwa WhatsApp na Jamal Khashoggi. Siku iliyofuata Khashoggi aliingia katika ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul na kuuawa humo.

Kuongeza muda au kubadilisha ufunguo

Hapa yanakuja maamuzi ambayo mwenye ufunguo hawezi kuyakwepa. Tarehe inapokaribia anaweza kuongeza muda wa ufunguo ule ule, au kutengeneza mpya.

Kuongeza muda ni rahisi kwa aliye mbali. Alama ya ufunguo haibadiliki, kwa hiyo aliyeihakiki mwaka juzi hana haja ya kuihakiki tena. Atachukua nakala mpya, na programu yake itaendelea kama kawaida.

Kubadilisha kuna sababu yake pia. Barua za PGP zilizonaswa leo zinaweza kuhifadhiwa, na siku ufunguo wa siri ukipatikana, za miaka yote zikafunguliwa kwa pamoja. Dawa ya kati na kati ipo. Ufunguo wa PGP kwa kawaida una sehemu kuu, inayotia saini na kuthibitisha, na sehemu ndogo inayosimba barua. Sehemu kuu inaweza kuwekwa kwenye flashi, ndani ya sefu, mbali na intaneti, na sehemu ndogo ikabadilishwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Alama kuu inabaki ile ile, aliyeko Jeddah hapotezi imani yake, na atakayeiba kompyuta ya ofisini hatapata ufunguo mkuu. Sehemu ndogo za zamani zihifadhiwe kule kule kwenye sefu ikiwa bado kuna barua zinazozihitaji. Barua hizo zikishahamishiwa kwenye hifadhi nyingine iliyofungwa, sehemu hizo ziharibiwe.

Ufunguo mpya kabisa utengenezwe pale tu wa zamani unaposhukiwa kuguswa, au unapokuwa wa aina iliyopitwa na wakati. Anayebadilisha ufunguo mzima kila mwaka kwa kujiona mwangalifu anawazoesha watu wake kupokea funguo mpya bila kuuliza.

Mtego wa "ufunguo wetu mpya"

Na hilo ndilo analolitaka mpelelezi. Njia nyepesi ya kusoma barua iliyosimbwa ni kumshawishi mwandikaji atumie ufunguo wako badala ya ule wa kweli. Inatosha kutuma barua yenye nembo ya chombo cha habari: "Ndugu msomaji, ufunguo wetu wa zamani umekwisha muda, tumia huu." Ikiwa ule wa zamani umekwisha kweli na wenyewe wamenyamaza, barua ya uongo itaonekana ya kweli kuliko ukimya wao. Uzembe wa mwenye ufunguo ndio unaomtengenezea mwongo soko.

Dawa yake ni mazoea. Tangazo la kila ufunguo litiwe saini kwa ufunguo wa zamani kabla haujaisha muda. Alama kamili ichapishwe kwenye tovuti, kwenye kurasa za mitandao ya kijamii na, inapowezekana, isomwe kwa sauti kwenye kipindi, maana sauti inayojulikana ni vigumu kuighushi mbele ya watu wote kwa wakati mmoja. Aliyeko ndani alinganishe alama kutoka sehemu mbili zisizotegemeana kabla ya kutuma kitu.

Seva za funguo, yaani maghala ya umma ambako watu huweka funguo zao za wazi, zisitegemewe peke yake. Katikati ya mwaka 2019 funguo za watu wawili maarufu katika fani hii zilijazwa saini za uongo kwa maelfu kwenye seva hizo, hadi programu zilizozipokea zikakwama. Mwezi huo huo ilifunguliwa seva ya keys.openpgp.org, ambayo humtaka mwenye anuani athibitishe kwanza. Ni bora, lakini tovuti yako mwenyewe ndiyo mahali pa kwanza atakapotazama aliyeko Riyadh.

Neno kuhusu barua za ofisini. Makampuni na mabenki ya Riyadh na Jeddah, kama kwingineko duniani, hutumia mfumo mwingine wa usimbaji, S/MIME, ambao vyeti vyake hutolewa na mamlaka ya vyeti na huisha muda baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Mara nyingi idara ya kompyuta ya mwajiri ndiyo inayoomba vyeti hivyo, na huweza kubaki na nakala ya ufunguo wa siri. Mhasibu wa Kitanzania au Kiganda anayeona alama ya kufuli kwenye barua ya kazini asidhani ni kufuli lake. Kwa shughuli za kazi linatosha. Kwa malalamiko dhidi ya mwajiri huyo huyo, ni sawa na kumpa barua aipeleke posta.

Wajibu wa sisi tulio nje

Kwetu sisi tunaoandika uhamishoni, haya yote yanafupika katika ratiba. Ufunguo wa chombo cha habari upewe muda wa mwaka mmoja au miwili, na uhuishwe miezi miwili kabla ya siku yake. Miezi hiyo miwili ndiyo nafasi ya aliye mbali kuchukua nakala mpya. Kazi hiyo isiwe ya mtu mmoja. Wawili waijue, na wote wawili wajue ilipo flashi, kwa kuwa mhariri naye huugua na husafiri. Tarehe isiangukie msimu wa Hija, wakati madereva na wauguzi wa Jeddah na Makka wanakesha kazini, wala isiangukie Ramadhani au sikukuu. Na kwa kuwa mwaka wa Hijria hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ratiba itazamwe upya kila mara.

Baada ya kuhuisha, mtu wa ofisini aende kwenye kompyuta nyingine, achukue ufunguo kutoka kwenye tovuti kama mgeni, na aandike barua ya majaribio. Asipoweza yeye, hataweza wa Riyadh.

Tena tuweke maelekezo ya siku mbaya kwa Kiswahili chepesi, juu kabisa ya ukurasa wa mawasiliano: "Ukiambiwa ufunguo wetu umekwisha muda, usitutumie chochote kwa barua ya wazi, wala usituulize kwa barua ya wazi. Rudi kwenye ukurasa huu kwa njia salama, tazama ufunguo mpya, linganisha alama." Maneno kama hayo, yaliyoandikwa kabla ya tatizo, yangemwokoa muuguzi wa mfano wetu kutoka katika njia zake tatu mbovu.

Wasomaji wa nyumbani nao wasione kwamba haya ni ya Waarabu peke yao. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Dar es Salaam na kushitakiwa, miongoni mwa mengine, kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliwataka wanaotumia VPN wajiandikishe. Ufunguo unaomlinda aliyeko Jeddah unaweza kumlinda pia wa Mwanza, Mombasa au Goma.

Wenzetu wenye tovuti, mashirika na ofisi za mawakili, tunawaomba kitu kimoja kabla ya siku ya leo kwisha. Fungueni ukurasa wenu wa mawasiliano, chukueni ufunguo mliouweka pale, mtazame tarehe iliyoandikwa juu yake. Ikiwa imepita, kuna uwezekano kwamba mtu amekwisha kubisha mlango wenu akaondoka, na hamtajua kamwe alikuwa na nini mkononi.